Namna ya kupanga bei ya kipande isiyomnyonya mfanyakazi

Malipo kwa kipande yako kila mahali: mfuko wa shati, kilo ya mavuno, tofali, katoni iliyofungwa, mzigo uliofikishwa. Waajiri huyapenda kwa kuwa wanalipia kile wanachokiona. Wafanyakazi wengi nao huyapenda, maana mwenye mkono mwepesi hupata zaidi na anayemaliza mapema huondoka mapema. Ubaya huingia pale bei inapotajwa bila mtu yeyote kujua kipande kimoja kinachukua dakika ngapi. Hapo mtu anaweza kufanya kazi saa kumi na mbili, akapata chini ya kima cha chini cha saa nane, na isiwepo hata karatasi moja inayoonyesha hivyo.

Mwongozo huu ni wa wenye karakana, wasimamizi wa mashamba, viongozi wa vyama vya ushirika na wawakilishi wa wafanyakazi wanaokaa nao mezani. Msimamo wetu ni mmoja: bei ya kipande lazima itokane na saa, na kila wiki irudishwe kwenye saa. Hesabu za hapa hazina jina la sarafu. Weka ya kwenu. Sheria ya nchi yako ikitaka zaidi ya haya, fuata sheria.

Hatua ya 1: Jua kiwango chako cha saa

Anza na kima cha chini cha mshahara kinachohusu sekta yako, au kiwango kilichomo kwenye mkataba wa pamoja na chama cha wafanyakazi kama ni kikubwa zaidi. Mkataba namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1970, unataka kima cha chini kiwe na nguvu ya sheria na kisipunguzwe. Kubadili namna ya kulipa, kutoka saa kwenda kipande, hakumwondolei mwajiri wajibu huo.

Kama kima kimetajwa kwa mwezi, kigeuze kiwe cha saa. Wiki ya saa 48, ambayo ndiyo kikomo cha Mkataba namba 1 wa mwaka 1919, ni 48 × 52 ÷ 12, yaani saa 208 kwa mwezi. Mshahara wa 416,000 unakuwa 2,000 kwa saa. Wiki ya saa 45 inatoa saa 195 kwa mwezi, na ya saa 40 inatoa 173 na kidogo.

Hapa ndipo kosa la kwanza hutokea, na ni la kawaida sana. Mtu anachukua siku 30, anazidisha kwa saa 8, anapata 240, kisha anagawa: 416,000 ÷ 240 = 1,733. Amehesabu siku za mapumziko kana kwamba ni siku za kazi, na kila saa imepungua 267 kabla sindano haijagusa kitambaa. Ukikuta bei ya kipande isiyoeleweka, kagua kwanza kigawanyo hiki.

Tutatumia 2,000 kwa saa hadi mwisho.

Hatua ya 2: Andikeni kipande ni nini

Jambo hili huonekana dogo, lakini migogoro mingi huanzia hapa. Kusema “mfuko mmoja” hakutoshi. Andikeni kazi inaanzia wapi na inaishia wapi: kufungua furushi, kuchukua kipande cha kitambaa, kukunja kingo, kushona, kukata nyuzi, kuweka kwenye kapu. Je, kupiga pasi kumo? Kuhesabu na kujaza kadi ya furushi kumo? Kubeba furushi kutoka mezani kwa mkataji? Kila kitu ambacho mfanyakazi anakifanya kwa mikono yake lazima kiwe ndani ya kipande au kilipwe pembeni kwa saa. Kisichoandikwa popote kinafanywa bure.

Shambani kipande ni eneo, na eneo hupimwa kwa kamba au futi, kamwe si kwa hatua za miguu. Chukua kipande cha palizi cha mita 10 kwa 10: ni mita za mraba 100. Msimamizi mwenye miguu mirefu akipima kwa hatua, kila upande ukatoka mita 11, eneo limekuwa mita za mraba 121. Mita moja ya ziada kila upande imeongeza kazi kwa asilimia 21 na bei imebaki ileile. Kamba yenye mafundo kila mita, inayokaguliwa kwa futi kila mwanzo wa msimu (kamba hunyooka na kulegea kwa matumizi), inatosha kuliondoa tatizo hili. Andikeni pia hali ya eneo. Palizi ya udongo mkavu wenye magugu yaliyokomaa si kazi sawa na palizi ya wiki mbili baada ya mvua, na haiwezi kuwa na bei moja.

Hatua ya 3: Pima muda mbele ya wenye kazi

Chagua wafanyakazi wasiopungua watano wanaoijua kazi hiyo, waliokwishaizoea kwa miezi mitatu au zaidi. Usichague hodari wa karakana peke yake. Tumia saa ya kusimamisha iliyomo kwenye simu. Pima kila mmoja vipande 20, ukivigawa katika nyakati tatu za siku: asubuhi, kabla ya chakula, na saa ya mwisho ambapo macho yamechoka. Waambie unachofanya na kwa nini. Mwakilishi waliyemchagua wenyewe asimame karibu, aandike takwimu zilezile kwenye karatasi yake, na mwishoni nyote wawili mtie sahihi.

Kipande kilichokatizwa na uzi kukatika usikifute. Kiandike, kisha kwenye safu nyingine andika sababu na muda uliopotea, kwa sababu utahitaji kujua jambo hilo linatokea mara ngapi. Baada ya hapo jumlisha muda wa vipande vyote visivyokatizwa na ugawe kwa idadi yao. Wastani wa wote, si wa watu watatu wa haraka.

Wataalamu wa upimaji wa kazi huwa wanarekebisha muda kwa kukadiria kasi ya anayepimwa. Kama hujafunzwa, usijaribu. Makadirio ya jicho lisilozoezwa karibu daima humwelemea mfanyakazi, maana msimamizi huona kila mtu “angeweza kuongeza mwendo kidogo”. Wastani wa watu watano, vipande mia moja, unatosha kwa karakana ndogo.

Mambo mawili huharibu vipimo. La kwanza ni watu kukaza mwendo kwa hofu ya kuonekana wavivu, nawe ukapata muda ambao hakuna anayeweza kuuendeleza kutwa. La pili ni watu kupunguza mwendo makusudi, kwa kuwa mahali pengine waliwahi kufanya haraka na bei ikashushwa wiki iliyofuata. Yote mawili yanatibiwa na ahadi ya maandishi kuhusu lini bei inaweza kubadilishwa. Toa ahadi hiyo kabla ya kuanza kupima, tutaieleza mbele.

Tuseme wastani umetoka sekunde 80 kwa mfuko mmoja.

Hatua ya 4: Ongeza muda ambao mwili na mashine vinauhitaji

Hakuna anayeshona kwa sekunde 80 kila mfuko, saa nane mfululizo. Ananyoosha mgongo, anakunywa maji, anakwenda msalani, anabadilisha bobini uzi wa chini ukiisha. Katika upimaji wa kazi, nyongeza ya msingi inayotumika sana ni asilimia 5 kwa mahitaji ya mwili na asilimia 4 kwa uchovu wa kawaida wa mtu aliyekaa kwenye kazi nyepesi. Juu ya hiyo 9 huongezwa sehemu nyingine kwa kusimama kutwa, kuinama, kunyanyua uzito, joto, mwanga hafifu au kazi inayokaza macho. Kisha inakuja nyongeza ya vikwazo vidogo vya mashine, na hiyo usiibuni: iko kwenye ile safu ya uzi uliokatika na sindano iliyovunjika.

Kwa mfuko wetu tuseme ni 9 za msingi na 6 za uzi, sindano na bobini, jumla asilimia 15. Sekunde 80 × 1.15 = sekunde 92. Saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo 3,600 ÷ 92 = mifuko 39 kwa saa.

Kubana nyongeza hizi kuna gharama inayoonekana mwilini. Penye bei inayobana, watu huacha kunywa maji ili wasiende msalani, na hung'oa kinga ya sindano inayowachelewesha nusu sekunde. Mwaka 2022 ILO iliingiza mazingira salama na yenye afya kwenye orodha ya kanuni na haki za msingi za kazi. Bei inayomlazimisha mtu kuchagua kati ya kidole chake na ujira wake inavunja kanuni hiyo, hata kama ukutani pamebandikwa tangazo la usalama.

Hatua ya 5: Fanya hesabu ya bei

Wapo wanaogawa moja kwa moja: 2,000 ÷ 39 = 51.3 kwa mfuko. Usiishie hapo. Bei hiyo inamfikisha kwenye kima cha chini yule tu aliye kwenye wastani au juu yake, na wastani maana yake ni kwamba wapo walio chini, watu wanaofanya kazi kwa bidii na ambao hawana kosa. Uingereza imeweka kinga dhidi ya hili katika kanuni zake za kima cha chini: wastani wa vipande kwa saa hugawanywa kwanza kwa 1.2, ndipo bei ipatikane. Kanuni hiyo ya asilimia 120 imekuwa ikitumika huko tangu mwaka 2005, na tunaipendekeza hata pale ambapo sheria haiidai.

39 ÷ 1.2 = 32.5. Kisha 2,000 ÷ 32.5 = 61.5. Pandisha hadi 62. Bei ya kipande hupandishwa, haishushwi. Nusu moja inayokatwa, ikizidishwa kwa mifuko 1,800 ya wiki, ni 900 iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Sasa ijaribu bei yako kwa watu watatu. Wa wastani, mifuko 39 kwa saa, anapata 2,418. Aliye chini kidogo, mifuko 33, anapata 2,046. Anayeshona 30 anapata 1,860, na huyu itabidi aongezewe hadi 2,000, kama tutakavyoona.

Linganisha na bei iliyopangwa kwa njia ya mkato. Msimamizi alimtazama hodari mmoja akimaliza mfuko kwa sekunde 60, akasema “vipande 60 kwa saa”, akagawa 2,000 kwa 60 na kuandika bei 33. Mfanyakazi wa wastani kwa bei hiyo anapata 1,287 kwa saa. Ili afikishe 16,000 za siku ya saa nane anatakiwa kushona mifuko 485, nayo itamchukua saa 12 na dakika 26. Hakuna aliyemwamuru abaki usiku, lakini bei ndiyo imembakiza.

Hatua ya 6: Lipia muda usiozaa kipande

Umeme umekatika. Kitambaa hakijafika kutoka kwa mkataji. Cherehani imeharibika na fundi wa mashine yuko njiani. Mkutano wa asubuhi, mafunzo ya zimamoto, usafi wa jioni. Katika muda wote huo mfanyakazi yuko kazini kwa amri ya mwajiri na kapu lake halijazi. Muda huu ulipwe kwa saa, usipungue kiwango cha saa. Na pale kusubiri kunapotokana kabisa na mwajiri, ni haki zaidi kulipa wastani wa mapato ya mfanyakazi mwenyewe.

Hivyo hivyo kwa mapumziko mafupi ya kazini. Anayelipwa kwa kipande tu “hupumzika” kwa gharama yake, kwa hiyo hapumziki. Jimbo la California huko Marekani liliweka sheria iliyoanza mwaka 2016 inayotaka mapumziko na muda usiozalisha wa wafanyakazi wa kipande ulipwe pembeni na uonyeshwe kwenye hati ya malipo. Kwa karakana za nguo jimbo hilohilo lilikwenda mbali zaidi: kuanzia mwaka 2022 malipo ya kipande yenyewe yalipigwa marufuku, yakabaki ya saa pamoja na bonasi, isipokuwa penye mkataba wa pamoja unaotimiza masharti ya sheria. Uamuzi huo ulitokana na unyonyaji wa miaka mingi ambao ukaguzi wa kawaida haukuuzuia.

Utekelezaji ni rahisi. Weka daftari la kusubiri karibu na mlango wa msimamizi. Kila tukio lina mistari mitano: saa lilipoanza, saa lilipokwisha, sababu, waliohusika, sahihi mbili. Kazi inaposimama, mwenye kuandika asiwe msimamizi peke yake, kwa kuwa takwimu hizo pia zinamhukumu yeye.

Hatua ya 7: Funga hesabu kwa wiki

Kila mwisho wa wiki rudisha mapato yote kwenye saa. Usisubiri mwezi. Wiki moja nzuri ya mwezi huweza kuficha wiki mbili mbaya, na mtu anakula kila siku.

Chukua mfanyakazi aliyekaa kazini saa 54 kwa wiki ambayo saa 48 ni za kawaida. Katika hizo 54, saa 48 alikuwa anashona, saa 4 alisubiri umeme na kitambaa, saa 2 ni mapumziko mafupi ya siku sita. Alishona mifuko 37 kwa saa, jumla 1,776. Kwa bei ya 62 ni 110,112. Saa 6 za kusubiri na kupumzika kwa 2,000 ni 12,000. Jumla 122,112. Gawa kwa 54 upate wastani wake: 2,261 kwa saa. Amevuka kima cha chini.

Bado nyongeza ya saa za ziada. Mkataba namba 1 unataka saa ya ziada ilipwe angalau mara 1.25, na nchi nyingi zinadai mara moja na nusu. Tutumie 1.25. Saa zote 54 zimeshalipwa mara moja kupitia vipande na malipo ya kusubiri na kupumzika, kwa hiyo kilichobaki ni ile robo: robo ya 2,261 ni 565, kwa saa 6 ni takribani 3,392. Jumla ya wiki: 125,504. Njia hii ya kutafuta wastani kwanza, kisha kulipa nyongeza juu yake, ndiyo inayotumika Marekani kwa wafanyakazi wa kipande chini ya sheria ya viwango vya kazi ya mwaka 1938, ingawa kule saa za ziada huanza baada ya 40 na nyongeza ni nusu.

Sasa mwenzake aliyeshona mifuko 30 kwa saa. Mifuko 1,440 × 62 = 89,280, ongeza 12,000, jumla 101,280. Kwa saa 54 ni 1,875 tu. Kima cha chini cha saa hizo ni 108,000, kwa hiyo anaongezewa 6,720. Kisha robo ya 2,000 kwa saa 6 za ziada, 3,000. Anaondoka na 111,000. Hiyo 6,720 ni haki yake ya kisheria. Isiandikwe kama mkopo, wala isikatwe wiki ijayo atakaposhona vizuri.

Zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano wakihitaji kuongezewa wiki mbili mfululizo, acha kuwatazama wao na itazame bei. Huenda kitambaa kimebadilika, mashine zimechoka, au vipimo vya hatua ya 3 vilipotoka.

Mtu aliyejiunga karibuni lipa kwa saa katika wiki zake za kujifunza, nne hadi nane kutegemea ugumu wa kazi. Kumtia kwenye kipande siku ya kwanza kunamfundisha haraka mbovu.

Hatua ya 8: Kumbukumbu na hati ya malipo

Kila furushi liwe na kadi ya nakala mbili, moja ya mfanyakazi na moja ya ofisi, zenye namba ileile. Hesabu ifanywe mbele yake. Kuhesabu stoo usiku na kutangaza matokeo asubuhi kunaua imani hata pale hesabu ilipokuwa sahihi.

Penye mizani, ipime mizani kwanza. Weka juu yake uzito unaojulikana, kwa mfano kilo 20, katikati na kwenye pembe zote nne, kila asubuhi, na mfanyakazi mmoja ashuhudie. Mizani inayosoma 19.5 mahali pa 20 inapoteza asilimia 2.5. Mvunaji wa kilo 60 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, amevuna kilo 1,560, na 39 kati ya hizo hakulipwa. Uzito wa kikapu upimwe kikiwa kitupu na kikiwa kimelowa, maana vinatofautiana, na makato ya kikapu yasizidi kile kilichopimwa. Kukata kilo mbili kwa kikapu cha kilo moja na robo ni wizi, hata kama umezoeleka.

Hati ya malipo ionyeshe: vipande kwa kila aina na bei yake, saa zote alizokuwa kazini, saa za kusubiri na mapumziko, saa za ziada na nyongeza yake, kilichoongezwa kufikia kima cha chini, makato moja moja kwa jina, na kinachobaki. Hati nyingi za kipande tunazozikagua zina vipande na fedha tu. Bila safu ya saa, hakuna anayeweza kuthibitisha chochote.

Lipa mara mbili kwa mwezi au zaidi, siku zisizidi 16 kati ya malipo na malipo. Ndivyo Pendekezo namba 85 la ILO la mwaka 1949 linavyoshauri kwa wafanyakazi wa kipande. Lipa kwa fedha halali. Vocha za dukani na ahadi za karatasi zimekatazwa na Mkataba namba 95 wa mwaka huohuo.

Kazi iliyoharibika

Kwanza tafuta chanzo. Kitambaa chenye kasoro, mashine inayoruka mishono, mchoro uliokosewa: kipande kilipwe kamili. Kosa la mfanyakazi: airekebishe kazi yake, na muda huo uhesabiwe kwenye saa za wiki ili kima cha chini kiendelee kumlinda. Makato kwa ajili ya hasara yafanyike tu pale sheria inaporuhusu. Pendekezo namba 85 linaweka masharti matatu: iwe imeonekana wazi kwamba ni yeye aliyehusika, kiasi kisizidi hasara halisi, na awe amepewa nafasi ya kujieleza kabla uamuzi haujatolewa. Sindano, uzi, glavu, barakoa na viatu vya kazi si vya kukata mshahara. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Wale ambao bei huwasahau

Kuna kazi ambazo hazipimwi kabisa kwa kuwa hufanywa na wanawake: kuchambua, kukata nyuzi, kukunja, kufunga. Bei zake hurithiwa kutoka kwa msimamizi aliyepita, na huwa za chini. Zipime kwa saa ileile na kanuni ileile. Mkataba namba 100 wa mwaka 1951 unadai ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa, na huwezi kujua thamani ya kitu ambacho hujawahi kukipima.

Mjamzito au anayenyonyesha anaweza kushuka idadi. Mpe kazi ya saa, au mlipe kwa wastani wake wa awali. Malipo ya likizo ya mwaka na ya uzazi nayo yakokotolewe kutoka kwenye wastani wa mapato ya wiki nyingi, usipungue wiki 12, ukiacha zile alizougua au kazi iliposimama. Vinginevyo mtu anayekwenda likizo baada ya mwezi mbovu analipwa nusu.

Mwenye ulemavu hahitaji bei yake mwenyewe. Anachohitaji mara nyingi ni kifaa: meza iliyoinuliwa, kanyagio lililohamishiwa mkononi, kishikio cha kuongoza kitambaa, taa iliyo karibu. Rekebisha kwanza, kisha mpime tena. Mabadiliko hayo mara nyingi huwapunguzia muda na majirani zake.

Anayechukua kazi nyumbani anabeba umeme, uzi, matengenezo ya mashine, na muda wa kufungua na kufunga mizigo. Pendekezo namba 184 la mwaka 1996, linaloambatana na Mkataba namba 177 wa kazi za mwajiri zinazofanyiwa nyumbani, linataka gharama hizo na muda huo afidiwe. Bei yake isishuke chini ya ya karakanani. Kwa hesabu sahihi inakuwa juu. Angalia pia idadi. Kitabu kikionyesha mtu mmoja ameleta mifuko 700 kwa siku, jua kuna mikono mingine, na pengine ni ya watoto walioacha shule. Jibu si kumfukuza mama yao. Ni kupandisha bei hadi mtu mzima mmoja aweze kuishi kwa saa za kawaida, kuweka kikomo cha mizigo kwa mtu, na kutembelea.

Na kumwita mfanyakazi wa kipande “mkandarasi” hakubadili chochote kama anaelekezwa na msimamizi wako, kwa saa zako, mahali pako. Pendekezo namba 198 la mwaka 2006 linaelekeza kutazama hali halisi ya kazi, si jina lililo kwenye karatasi. Michango yake ya hifadhi ya jamii ikatwe na ilipwe juu ya mapato yake yote.

Lini bei inabadilika

Hii ndiyo ahadi tuliyoitaja. Andikeni kwamba bei itapimwa upya pale tu yanapobadilika mashine, kitambaa, mchoro au hatua za kazi, au kima cha chini kinapopanda. Watu kuzoea na kuongeza kasi si sababu. Anayeshusha bei baada ya wafanyakazi kuwa hodari anapata kile anachostahili: kila mmoja atajifunza kuzuia mkono wake, na karakana itabaki na mwendo wa siku ya kupimwa. Bei mpya ibandikwe mahali panapoonekana, kwa lugha wanayoisoma wote, siku zisizopungua saba kabla ya kuanza, pamoja na karatasi ya vipimo. Kima cha chini kikipanda, usisubiri kipimo kipya. Gawa upya siku hiyohiyo: kiwango kipya ÷ 32.5.

Ukiwa wewe ndiye unayelipwa

Weka daftari lako, safu nne tu: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, vipande, muda wa kusubiri. Liandike kila siku kabla hujalala, si mwisho wa wiki, kwa kuwa maandishi ya siku hiyohiyo yana uzito zaidi mbele ya mkaguzi. Hifadhi kadi zote za mafurushi. Baada ya wiki mbili gawa ulichopokea kabla ya makato kwa saa zako zote. Ikitoka chini ya kima cha chini, linganisha na wenzako wawili watatu wa kazi hiyohiyo. Mkiwa wengi, tatizo ni bei, na mpeleke suala pamoja kupitia mwakilishi au chama. Ombeni karatasi ya vipimo. Mwajiri asiye nayo akubali kupima upya mbele yenu, na tofauti ya wiki zilizopita ilipwe. Akikataa, nenda ofisi ya ukaguzi wa kazi na nakala za daftari, kadi na hati za malipo. Peleka nakala, na daftari lenyewe libaki nyumbani.